Tundu la Kwanza

Barafu ya Kuskokwim ilivunjika Jumanne usiku,
tukaisikia kitandani kama mtu anayekokota makabati.
Ijumaa mto ulikuwa wazi, rangi ya chai ya maziwa,
umebeba magogo na kiti cha plastiki cha watu wa juu.

Boti imelala ufukoni,
aluminiamu mpya, karatasi ya bei bado imeganda ubavuni.
Mashine tumeuziwa na mwalimu aliyehama.
Farasi arobaini, alisema, na wote wazima.
Evon amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.
Daktari wa Bethel alimpasua mgongo mwezi wa tatu,
akamkataza kunyanyua kitu kizito kuliko birika.
Basi ananyanyua kidevu:
Kushoto. Juu kidogo. Siyo hivyo.

Tepu ya kupimia ilizama mwaka jana,
kwa hiyo napima kwa mkono niliopewa.
Mguu wa mashine: shubiri mbili na nyanda mbili.
Ubao wa tezi: shubiri moja na nusu, na nyanda mbili za huruma.
Narudia. Mkono haubadilishi maneno.
Tukiifunga hivi, pangaboi litalima matope,
na mto wetu una matope kuliko maji.
"Mwalimu katuuzia korongo," nasema.
Evon anatazama ng'ambo,
maana ni yeye aliyekwenda kuikagua.

Olinka ndiye aliyeng'oa mlango wa kibanda cha moshi.
Mbao yake ilikuwa mashua ya babu,
kabla ya kuwa mlango. Imekula moshi wa samoni miaka ishirini,
ukiikata kwa msumeno unasikia njaa.
Nikakata gogo la nusu shubiri,
nikalipandisha juu ya tezi, nikalipaka silikoni kama siagi.
Kibanda kitakaa wazi. Kunguru wamekwisha kuambiana.

Halafu drili.
Hapo ndipo mkono wangu uliposimama.
Nani mwenye akili zake hutoboa
chombo anachotaka kielee?
Niliweka alama kwa msumari, nikaifuta, nikaiweka tena palepale.
Wassillie, shemeji, alikuwa amefika na winchi yake,
akatafuna kitu, hakusema.
Evon akafungua mdomo
na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaufunga.
Nikabonyeza.

Bati lilipiga kelele kama nguruwe,
vinyweleo vya fedha vikaruka vikaingia kwenye soksi zangu,
na mwanga wa upande wa pili ukatokeza,
mdogo kama punje ya mtama.
Matatu yaliyofuata yalikuwa kazi tu.

Tukaining'iniza mashine kwenye magogo matatu,
mnyororo ukilia, Olinka akiongoza mguu kwa viganja viwili
kama anayemvisha mtoto suruali.
Bolti, washa, nati.
Bolti ya nne nilikaza mwenyewe, nimelala chali,
spana ikinimwagia kutu ya mwaka gani sijui.
Bapa la juu ya pangaboi lilikaa sawa na kitako cha boti,
wanda mmoja chini. Wassillie akalipapasa,
akasema neno lake moja la siku: "Haya."

Majini, nikabinya puto la mafuta mpaka likagoma,
nikavuta kamba. Nikavuta. Nikatukana kidogo.
Nikavuta.
Mashine ikakohoa, ikakumbuka,
na kutoka ubavuni uzi wa maji ukachirizika.
"Inakojoa!" Olinka akapiga kelele, akaanguka kwa kicheko,
na ni kweli, tulikuwa tunasubiri mkojo huo
kama wakunga.

Evon akapanda polepole, akashika huku na huku,
akakuta mkono wangu umeshika usukani wa mashine.
Miaka kumi na tisa mahali hapo palikuwa pake.
Akapita. Akaenda kukaa omo,
akanigeukia, kwa sababu mgongo wake haupendi upepo,
au kwa sababu nyingine.

Katikati ya mto niliona anatazama miguuni pangu.
Bolti ya nne ilikuwa inatoa chozi,
tone, kisha tone, likitambaa kwenye bati kumfuata yeye.
Sikusema kitu.
Akanyoosha buti lake, taratibu,
akalifunika.